Fundi Jeki Ashusha Presha

Simu ilimkuta Fundi Jeki akiwa amelala chali chini ya pikapu, mikono yote miwili imezama kwenye giaboksi. Aliibana kati ya sikio na bega, na sauti ya mwanamke kutoka hospitali ikamwambia kwamba majibu yametoka, figo yake inalingana na ya mdogo wake. Jeki akasahau alipo. Aliinuka ghafla kama aliyeamshwa kitandani, akajigonga paji la uso kwenye chuma, akarudi chini. Wenzake gerejini walisikia kishindo wakadhani gari limemwangukia. Walipomvuta kwa miguu walimkuta analia na kucheka kwa pamoja, nundu imeshaanza kuota, wakazidi kuogopa.

"Zinalingana," aliwaambia. "Jamani, figo zinalingana."

Aliyeelewa haraka alikuwa fundi rangi, rafiki yake wa siku nyingi, maana ndiye aliyejua habari za nyumbani kwa Jeki kwa undani. Mdogo wake Jeki alikuwa msusi, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kulazwa pembeni ya mashine ya kumsafisha damu, akirudi nyumbani yu hoi, na kesho yake utamkuta amesimama nyuma ya kiti cha saluni anasuka na kuwasema watu. Daktari alikuwa ameeleza mbele ya ndugu wote kwamba mashine inamsogeza siku tu, kinachotakiwa ni figo ya mtu mzima wa afya. Wazazi wao walishafariki, kaka yao mkubwa ana kisukari. Akabaki Jeki. Na yule msusi, pamoja na maneno yake yote, hakuwahi kumwomba kaka yake figo. Jeki alijipeleka mwenyewe kupimwa.

Sasa, huyu Jeki alikuwa mtu wa kupanda juu kwa furaha na kushuka kwa kishindo, na daktari hakuchelewa kumshusha.

"Figo yako nzuri," alimwambia walipokaa chumbani kwake. "Presha yako mbaya. Nikikupasua ukiwa hivi, nitakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Ishushe, na upunguze na hilo tumbo. Ukishindwa, siwezi kuichukua figo yako."

"Nishushe kwa vidonge?"

"Kwa maisha yako kwanza. Lala vya kutosha, tembea, punguza chumvi na sukari, kunywa maji, kula mboga. Na uache kufokafoka."

"Nani kakwambia mimi nafoka?" Jeki akafoka.

Tuseme ukweli, mwili wa Jeki ulikuwa umetunzwa vibaya na mtu ambaye magari ya wenzake aliyatunza vizuri mno. Gari la mteja likipitisha siku ya kubadilisha oili, Jeki alimsema mwenye gari mpaka akaona haya. Yeye mwenyewe alikuwa anamwaga chumvi kwenye chakula kabla hajakionja. Mchana hali kabisa, jioni anakula cha mchana na cha usiku kwa mpigo, halafu anajitupa kitandani na simu usoni mpaka imdondokee puani. Maji kwake yalikuwa ya rejeta. Na kama kuna jambo linamkera, alilimeza, akatembea nalo tumboni wiki nzima, kisha akamlipukia mtu asiyehusika kabisa, mara nyingi muuza spea.

Lakini alipotoka kwa daktari siku ile, alitoka na moto. Mtu mwingine angekufa moyo. Jeki aliona kazi mbele yake, na kazi aliijua jina: kushusha injini, kufungua kila kitu, kusafisha, kufunga upya.

"Mama watoto," alimwambia mkewe akiwa bado mlangoni, "toa chumvi mezani."

"Niiweke wapi?"

"Popote nisipoiona. Na kuanzia leo nalala mapema. Simu italala sebuleni."

Mkewe alimtazama, akaitazama nundu, akamwuliza kama hospitali walimpima na kichwa.

Basi nyumba ile ikabadilika. Alfajiri, kabla majirani hawajafungua madirisha, Jeki alikuwa barabarani na raba zake kuukuu, anatembea mikono ikipiga huku na huku. Siku za kwanza alirudi anahema na kushika ukuta. Baadaye akawa anarudi anaimba. Mkewe, aliyekuwa akichungulia dirishani kwa kicheko, siku moja alivaa raba zake akamfuata, na kumbe huko njiani walianza kuzungumza mambo ambayo hawakuwa wameyazungumza tangu watoto walipokuwa wadogo. Jeki alijikuta anaingoja alfajiri kwa hamu, na hakuona sababu ya kuficha.

Gerejini alitundika chupa kubwa ya maji karibu na benchi la kazi, na kila alipotoka chini ya gari alikunywa. Mchana alikaa kwenye tairi na kula chakula chake polepole: maharage, mboga za majani, parachichi. Fundi rangi hakumwacha hivi hivi.

"Siku hizi Jeki anakula majani," alitangaza. "Tukikosa pa kumfunga tutamfunga kwenye nguzo kama mbuzi."

"Cheka tu," Jeki alimjibu akitafuna. "Mimi naona mpaka rangi za gari zako zilivyo mbovu. Zamani macho yangu yalikuwa yamechoka."

Hata muuza spea alishangaa. Siku Jeki alipouziwa beringi isiyo yenyewe, duka zima lilisubiri radi. Jeki alivuta pumzi, akaishusha taratibu kama nesi wa hospitali alivyomwelekeza, akasema tu kwamba amekasirika na angependa abadilishiwe. Muuza spea alimbadilishia haraka, maana ukimya ule ulimtisha kuliko makelele.

Usingizi nao ukaja. Zamani Jeki alikoroma mpaka vikombe vinalia kabatini. Alipoacha, mkewe alishtuka kwa ukimya, akamwekea kiganja chini ya pua kuhakikisha kama bado anahema. Suruali zikaanza kumpwaya. Jeki alifurahia kutoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, akawaonyesha watu wote, hata wasiotaka kuona.

Kwa msusi alipita mara kwa mara, akiwa amejaa habari zake. Alimkuta amekaa, kikombe chake kidogo cha maji kando, maana yeye alipimiwa mafunda, mwili wake haukuwa na pa kuyatolea maji. Jeki aliona haya kusifu chupa yake mbele yake.

"Endelea," msusi alimwambia. "Kunywa na ya kwangu. Ila usije ukajisahau ukawa mzuri sana, wateja wangu watakuulizia."

"Dada yangu, nitaishusha hii presha mpaka waitafute chini ya kiti."

"Tutaona," alisema, akageuza mazungumzo, kama alivyofanya kila yalipokaribia habari ya figo.

Siku ya kipimo Jeki alikwenda hospitali kifua mbele. Alikuwa na uhakika. Nesi alimfunga mkanda mkononi, mashine ikabana, ikaachia, nesi akatazama namba, akamtazama Jeki.

"Iko juu," alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya ilivyokuwa mwanzo, baba."

Jeki alitoka pale amenywea. Lakini hakukata tamaa, akaongeza bidii. Alitembea mbali zaidi. Chumvi aliifuta kabisa, sukari akaipa kisogo. Alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa ujanani, na ndiyo maana alipopimwa mara ya pili na namba ikatoka juu vilevile, alikaribia kuing'oa ile mashine aifungue aone ndani kuna nini.

Safari hii alipelekwa kwa daktari. Uzito ulikuwa umeshuka, daktari alimpongeza kwa hilo. Kisha akakunja mikono juu ya meza.

"Nakupa kipimo kimoja zaidi. Presha ikibaki hivi, nitalazimika kukuondoa. Mdogo wako atasubiri figo ya mtu mwingine."

"Atasubiri mpaka lini?"

"Sijui," daktari alisema, na alikuwa mtu mkweli. "Na hali yake haimpi nafasi ya kusubiri sana."

Jeki alirudi gerejini akili haipo. Alifunga magurudumu ya gari ambalo lilikuwa halijamalizwa breki, fundi rangi akalazimika kuyafungua. Nyumbani alikula kidogo, akalala bila kulala. Alijiona mwili wake umemsaliti. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa, na kwa moyo wote, na bado ndugu yake anaweza kufa kwa sababu ya mishipa yake yeye. Majibu alimwambia mkewe tu; hilo la kusalitiwa hakumwambia mtu.

Jumapili mchana, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kipimo cha mwisho, msusi alikuja kumsuka wifi yake. Mke wa Jeki alikaa kwenye mto sakafuni, msusi juu ya kiti nyuma yake, kitana mdomoni. Jeki alikuwa kwenye kochi, amejikunyata, anatazama ukuta.

"Kaka, mbona hujaniambia majibu ya mara ya pili?" msusi aliuliza.

Jeki akageukia upande wa pili. Mkewe ndiye aliyemwaga yote: kwamba presha haijashuka, kwamba kesho ndiyo mwisho, kwamba huyu bwana hali wala halali. Vidole vya msusi vilisimama kidogo kwenye nywele, kisha vikaendelea.

"Mtu anatembea, analala, hali chumvi, na presha inapanda," msusi alisema. "Haiingii akilini. Hebu nisimulie, siku ya kipimo unafanya nini tangu unapoamka?"

"Naoga."

"Halafu?"

"Nakunywa kahawa. Kikombe kikubwa, nzito."

Mkewe aligeuza shingo mpaka nywele zikavutika. "Kahawa? Si uliacha?"

"Niliacha siku nyingine. Siku ya kipimo nakunywa, tena nainywa njiani wewe ukiwa huoni."

"Halafu?" msusi akauliza tena, polepole.

"Halafu nakwenda kwa miguu, mwendo wa haraka, mpaka jasho linitoke. Nikikuta foleni ndefu, naacha kiti, napanda ngazi mpaka ghorofa ya juu, nashuka, napanda tena, nisije nikapoa. Wakiniita naingia nikiwa tayari."

"Tayari kwa nini, kaka?"

"Kwa kipimo." Jeki aliwashangaa wote wawili. "Wewe unafikiri kompresheni, presha ya ndani ya injini, tunaipima ikiwa imelala? Ikiwa baridi inakudanganya. Lazima ipate moto kwanza ndipo ikuambie hali yake. Kila fundi anajua hilo."

Kitana kilidondoka. Msusi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akamlalia wifi yake mgongoni, na wifi yake naye akawa anatikisika. Jeki aliwatazama, bado hajaelewa.

"Kaka," msusi alisema alipopata pumzi, "presha inapimwa mtu akiwa ametulia. Umekaa, umepoa, hujanywa kahawa, hujapanda hata kizingiti. Mimi napimwa kila nikienda kule, wananikalisha kwanza. Hivi nesi hakukuuliza?"

"Aliuliza kama nimejiandaa."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia vizuri kabisa."

Wakacheka tena, na safari hii hata Jeki alicheka, kwa aibu, huku akijipiga paji la uso palepale palipokuwa na nundu. Kisha kicheko cha msusi kikakatika. Alimtazama kaka yake kwa macho makali yaliyojaa machozi.

"Mara mbili," alisema. "Mara mbili ungefaulu ukawa umemaliza. Unajua nimelala vipi wiki hizi?"

"Sikujua," Jeki alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Nitakusamehe kesho jioni," alimjibu, akaokota kitana.

Lakini Jeki hakuweza kukaa tena. Alizunguka sebule, akaenda jikoni, akarudi. Kama ndivyo, pengine presha ilikuwa imeshashuka siku zote, imejificha nyuma ya kahawa na ngazi. Moyo wake ulijaa matumaini kiasi kwamba mkewe alimwamuru akae chini, asije akaharibu na ya kesho.

Asubuhi ile walimchukua kama yai. Msusi alifika mapema akanusa kikombe chake. Fundi rangi alikuja na gari lake kuwapeleka, na Jeki alikatazwa kugusa usukani. Alikaa kiti cha nyuma, anasikia vali za injini zikigonga.

"Hili gari lina mlio," alisema.

"Nyamaza," walimjibu wote wawili.

"Nasema tu, vali..."

"Kaka, leo hakuna gari linaloumwa duniani. Tazama miti."

Jeki akatazama miti. Hospitali walikaa kwenye benchi la korido, msusi ubavuni mwake kama askari wa zamu. Ngazi zilikuwa mbele yao, Jeki hakuzitazama. Alikaa, miguu sakafuni, mikono mapajani, kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. Msusi alimshika kiganja ili amtulize, akasikia mapigo, akakunja uso.

"Kahawa hujanywa," alinong'ona. "Ngazi hujapanda. Sasa hiki kinachodunda hivi ni nini?"

Jeki alitaka kusema si kitu. Alikuwa amezoea kusema hivyo. Lakini alikuwa amejifunza, kule barabarani na mkewe, kwamba neno likitoka kifua kinapata nafasi.

"Naogopa," alisema. "Naogopa kisu. Mimi nikifungua injini najua kila nati inarudi wapi. Wao wakinifungua, sitajua chochote, nitakuwa nimelala. Nimeogopa tangu siku ile ya simu, na sikumwambia hata mama watoto."

Msusi hakumtania. Alikishika kiganja kile kwa mikono miwili.

"Na mimi naogopa," alisema. "Naogopa wakupasue halafu wewe ndiye uharibikiwe. Nitakuwa naishi nakutazama. Ndiyo sababu sikukuomba kamwe. Nilijua ningeomba usingekataa."

"Nisingekataa."

"Najua."

Waliegemea ukuta wote wawili. Jeki alivuta pumzi kwa pua, akaishusha taratibu, akavuta nyingine. Msusi akavuta pamoja naye. Hofu haikuondoka, ila haikuwa tena mzigo wa mtu mmoja, na Jeki alihisi mabega yake yanashuka yenyewe. Watu walipita na viatu vyao, mlango ulifunguka na kufungwa. Jeki alipiga miayo. Nesi alipoita alikuwa karibu kusinzia.

Ndani, alikaa na kuegemea kiti. Mkanda ukabana, ukaachia. Nesi akatazama namba, akakunja uso, akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Jeki alikodoa macho dirishani, anahesabu vioo, hataki kuuliza. Nesi alitoka, akarudi na daktari.

"Umefanya nini safari hii?" daktari aliuliza, akiisoma mashine mwenyewe.

"Nimekaa tu, nikamwambia mdogo wangu kwamba naogopa kisu."

"Na zile mara nyingine?"

Jeki akamweleza, kahawa, mwendo, ngazi, injini na moto wake. Nesi aligeukia kabati, mabega yanamcheza. Daktari aliondoa miwani, akajifuta macho kwa muda mrefu.

"Presha yako ni ya kijana," alisema alipoweza. "Nitaihakikisha tena kabla ya siku yenyewe. Ila hizo tabia ulizozianza, kutembea, kulala, chakula, hata kusema yaliyo moyoni, si za kunifurahisha mimi. Utakuwa na figo moja, utazihitaji mpaka uzeeni. Nenda kamwambie mdogo wako nawapangia tarehe."

Njia nzima kutoka kwenye kile chumba mpaka kwenye benchi, Jeki alikuwa akitunga namna ya kumwambia kwa mzaha, kwa sababu wao wawili ndivyo walivyokuwa wakizungumza tangu utotoni. Alimkuta amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani. Mzaha wote ukamtoka.

"Amesema anatupangia tarehe," alisema.

"Sema tena."

"Anatupangia tarehe. Imeshuka. Ananichukua."

Msusi alikaa chini kwa ghafla, akakosa benchi, akakaa sakafuni. Jeki alichuchumaa mbele yake. Alingoja amtanie, ataje tumbo, ataje majani. Mdogo wake alishika kola ya shati lake kwa vidole vile vinavyosuka vichwa vya watu.

"Kaka," alisema, "mimi nataka kuishi."

Tangu augue hakuwa amelisema hilo kwa mtu, wala kwa wifi yake, wala kwa daktari. Jeki alimvuta akamkumbatia, akalia bila kujali nani anamwona. "Nataka kuishi," alirudia begani mwake, safari hii kwa sauti, na watu wote wa korido ile wakasikia.